Bastola ya Silinda na Raha ya Shabaha: Maswali Ninayoulizwa Barazani

Sebuleni kwangu pana karatasi ya shabaha iliyotiwa fremu. Ina matundu sita, na ukiweka kikombe cha kahawa juu yake, yote sita yanafunikwa. Huu mwaka wa tatu tangu nirudi Unguja baada ya kukaa Marekani miaka 14, na sijapata mgeni aliyeiona karatasi ile akanyamaza. Wasiofika nyumbani hunishika barazani. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu.

Bastola ya silinda ndiyo ipi?

Ile yenye tumbo la mviringo. Wengine huiita rivolva. Tumbo lenyewe ndilo silinda, chuma chenye vyumba sita, na kila chumba kinabeba risasi yake. Ukivuta kifyatulio, silinda inazunguka hatua moja, chumba kinakaa sawasawa na mtutu, nyundo inarudi nyuma kisha inaangukia fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Kazi yote hiyo inafanywa na kidole chako. Zile bapa za askari hutumia nguvu ya mlio kujipakia risasi inayofuata, hii haitumii. Zipo pia za vyumba vitano, saba na vinane. Nagant ya Kirusi ya mwaka 1895 ilikuwa na saba. Lakini mtu akitaja bastola ya silinda, wengi akili zao huenda kwenye sita.

Raha yake iko wapi? Si unatoboa karatasi tu?

Natoboa karatasi, ndiyo, na ningekuwa na njia ningekwenda kuitoboa kesho asubuhi.

Kule Marekani nilikuwa nakwenda uwanja wa shabaha Jumamosi mapema, kabla watu hawajajaa. Kila mpigaji ana kibanda chake chenye meza kifuani, na mbele karatasi imening'inia kwenye waya. Feni kubwa inavuta moshi kuelekea mbele. Unaifungua silinda, inalala upande wa kushoto, unatia risasi moja moja, na kila moja ikizama unasikia shaba inagusa chuma, ti. Unaifunga kwa kidole gumba, taratibu. Ukiirusha ijifunge kwa mtikiso wa mkono, kama waigizaji wanavyofanya, utakipinda chuma kinachoishika silinda, na mwenye bastola hatakupa tena.

Halafu unainua. Mbele ya mtutu pana kijino kidogo, nyuma pana mwanya. Kijino kinakaa katikati ya mwanya, vichwa vyao sawa, na mwanga mwembamba unaonekana kila upande. Jicho haliwezi kuona mwanya, kijino na karatasi vyote wazi kwa mara moja. Unachagua kijino. Karatasi unaiacha iwe ukungu. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, maana moyo unataka kutazama kule risasi inakokwenda.

Sasa kidole. Kama hukuinua nyundo kwanza, kifyatulio kinataka nguvu ya karibu kilo tano, na safari yake ni ndefu. Ni kama kuvuta ndoo kisimani: ukivuta kwa pupa, nusu ya maji inabaki njiani. Unavuta kwa mwendo mmoja usiokatika, silinda inazunguka mbele ya macho yako, unahisi pale inapojifunga, na wewe hukomi. Mlio unakukuta bado unavuta. Ukiufikisha mwisho mvuto mmoja wa namna hiyo, unajua tundu liko wapi kabla ya kuitazama karatasi.

Nilikuwa na kazi mbili wakati ule, na mama yangu, aliyekuwa kwetu Wete, Pemba, alikuwa anaumwa nami sina nauli ya kurudi. Katika muda ule wa kuvuta kifyatulio, hakuna kingine kilichopata nafasi kichwani. Mcheza bao anayehesabu kete zake kabla ya kunyanyua mkono atanielewa upesi kuliko yeyote.

Huoni kama unacheza na chombo cha kuulia?

Ni silaha, na sitaipaka rangi. Anayesema bastola ni kitu cha kuchezea hafai kuishika. Mimi sijawahi kuielekeza kwa kiumbe chochote, na watu niliojifunza nao walikuwa wakali katika jambo hilo kuliko maalimu wangu wa chuoni. Kilichonivuta ni ustadi wa mkono na jicho. Yuko anayeupata katika upinde, mwingine katika kushona.

Dini inasemaje?

Mimi si sheikh, masuala ya hukumu waulize wenye elimu. Lakini kila aliyesoma chuoni amesikia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisoma aya ya kuandaa nguvu, kisha akasema mara tatu kwamba nguvu ni kulenga. Alipita pia kwa watu wakishindana mishale akawahimiza. Na ni yeye aliyekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akaiponyoa mkononi mwake, na akakataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Siku ya kwanza niliyosomewa kanuni za uwanjani kule Marekani, na mzee asiyejua lolote katika Uislamu, nilinyamaza kimya. Nusu ya aliyosema nilishayasikia Wete nikiwa na miaka minane.

Kanuni zenyewe ni zipi?

Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi, hata kama umeitoa mwenyewe sasa hivi. Mtutu usielekee kamwe kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni, mpaka macho yako yawe kwenye shabaha na umeshaamua. Na ujue kilicho nyuma ya shabaha yako, kwani risasi haisimami kwenye karatasi.

Bastola ya silinda ina yake ya ziada. Kati ya silinda na mtutu pana upenyo mwembamba kama unene wa karatasi, na kila mlio moto na vipande vya risasi hutoka hapo kwa pembeni. Mkono wa kushoto unaosaidia kushika usisogee mbele ya silinda hata kidogo. Mtu aliyezoea bunduki ndefu hukosea sana hapa, maana mkono wake umezoea kukaa mbele.

Nami nina langu. Mwezi wangu wa pili niliipata ile nyeusi ya katikati mara tatu mfululizo, nikageuka kumwambia mwenzangu. Niligeuka na mwili mzima, bastola mkononi. Msimamizi alinishika kifundo cha mkono, akausukuma mtutu uelekee mbele, akaifungua silinda. Ndani mlikuwa na risasi tatu. Alinirudisha nyumbani siku ile na sikuwa na la kumjibu. Watu wanne walikuwa nyuma yangu, mmoja wao kijana na baba yake. Nikiufikiria ule mgeuko mpaka leo tumbo linanikata.

Kelele je?

Ni kubwa kuliko unavyodhani. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuliumiza sikio kwa mara moja tu, na sikio likishaumia halirudi. Ndani ya jengo nilivaa viwili pamoja, vizibo vya masikioni na juu yake vifuniko vikubwa. Miwani ya kukinga macho ni lazima, hata kwa anayetazama tu.

Na kuna risasi yenyewe, madini yale yenye sumu. Vumbi lake hukaa mikononi na nguoni. Usile wala usinywe uwanjani, nawa kwa sabuni na maji baridi ukitoka, badilisha nguo kabla hujampakata mtoto. Mwanamke mjamzito asiingie.

Nilijaribu zamani jeshini, nikakosa kila kitu. Tatizo langu ni nini?

Karibu hakika unashtuka.

Hili ndilo somo kubwa la mchezo wote, na bastola ya silinda hulifundisha vizuri kuliko chombo kingine. Mwili unajua mlio unakuja. Sehemu ndogo sana ya sekunde kabla yake, mkono unajikaza na kuusukuma mtutu chini ili kuupinga mrusho. Wewe mwenyewe huhisi kitu. Unaona tundu limekwenda chini kushoto, unalaumu bastola.

Mzee aliyenifundisha, mstaafu wa posta mwenye mikono mikavu kama makumbi, alichukua bastola yangu, akanigeuzia mgongo, akatia risasi tatu tu pamoja na maganda matatu matupu, kwa mpangilio aujuao yeye. Akaizungusha silinda, akaifunga, akanipa. "Piga," akasema.

Ya kwanza ilitoka. Ya pili nilivuta, nyundo ikaanguka juu ya ganda tupu, ta, na kwa macho yangu nikauona mtutu unachovya chini kama mvuvi aliyevutwa mshipi. Hapakuwa na mlio wala mrusho. Aliyeuchovya ni mimi. Mzee hakucheka wala hakusema kitu, akanyoosha mkono niendelee.

Tulifanya hivyo Jumamosi tano. Dawa yake ni kuvuta bila kujua kama kilichomo ni risasi au ganda, mpaka mwili uchoke kubahatisha na ukubali kungoja. Siku nyundo ilipoanguka juu ya ganda tupu na kijino kisitikisike, mzee alinigusa bega. Ile karatasi ya sebuleni niliipiga wiki mbili baadaye, mita saba kutoka shabaha. Kwa bingwa, mita saba ni karibu. Kwangu ilikuwa safari ndefu.

Sita tu? Si afadhali ile ya risasi 15?

Kwa kujifunza, sita zinatosha na kuzidi. Ukijua umebakiwa na mbili, hutazitupa. Kila baada ya sita unalazimika kusimama, kufungua, kusukuma kijiti, maganda yanamwagika kiganjani yakiwa ya moto, unatia upya. Mapumziko yale ni sehemu ya mchezo, mkono unapoa na akili inarudi. Tena huchutami kuokota maganda sakafuni, maana bastola ya silinda haiyarushi.

Wanaotaka kasi nao wamo. Ed McGivern wa Montana alipiga tano kwa sekunde 0.45 mwaka 1932. Mwaka 1999 Jerry Miculek alipiga sita, akapakia upya, akapiga sita nyingine, zote kwa sekunde 2.99. Niliwahi kujaribu kupakia tu, bila kupiga, nikiwa na saa. Ilinichukua sekunde tisa.

Anayeanza atumie risasi gani?

Ya .22 Long Rifle (namba ni upana wa risasi kwa inchi, kwa makadirio). Ni nyembamba, mlio wake mdogo, hairushi mkono, na sanduku la 50 halikuumizi mfuko. Imekuwepo tangu mwaka 1887 na wanaoanza bado wanaanzia hapo. Ukishatulia, nenda .38 Special, hasa ile ya kichwa bapa iliyotengenezwa kwa ajili ya shabaha. Inakata tundu la duara safi kama mashine ya kutobolea karatasi ofisini, na tundu safi hurahisisha kuhesabu alama. Za .357 Magnum na .44 Magnum ziache. Nimeona vijana wenye vifua vipana wakianzia huko, na kushtuka kulikowaingia siku ile hakujawatoka.

Nani aliyeibuni?

Mwenye jina ni Samuel Colt, Mmarekani, aliyepata hati yake ya ubunifu kule kwao tarehe 25 Februari 1836. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa kijana melini, njiani kwenda Calcutta, akitazama usukani unavyozunguka na kujifunga mahali pake, akachonga mfano wa mti. Nasi watu wa bahari tunaweza kuamini kwamba mtu akikaa chomboni miezi, macho yake huanza kuona vitu. Zile za mwanzo zilipakiwa baruti na risasi, kila kimoja peke yake, kutoka mbele ya silinda. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja, ikapokea risasi kamili yenye ganda la chuma kutoka nyuma.

Wanawake nao hupiga?

Vizuri sana. Mke wangu ni mshona kofia, kofia za viua, kazi aliyorithi kwa mama yake. Nilimchukua mara moja kumwonyesha. Alikataa, akakubali, akavaa vifuniko vya masikio juu ya mtandio. Nilimpa ya .22 nikamweleza kijino na mwanya. Akauliza swali moja tu: "Nivute kama navuta uzi?" Nikamwambia hivyo hivyo. Alipiga sita kwa utulivu wa mtu anayetoboa kijicho cha kofia akijua kwamba akichana kitambaa kazi ya miezi imeharibika. Tano zilikuwa ndani ya nyeusi, siku yake ya kwanza. Akaiweka mezani, akasema kelele zimemtosha, hakurudi tena. Mimi nilihitaji miezi minne kufika pale.

Olimpiki ilianza kuwa na mashindano ya wanawake peke yao ya kulenga shabaha mwaka 1984, Los Angeles, na bastola ya mita 25 ilikuwamo.

Yule Mturuki aliyeweka mkono mfukoni, ile ni bastola ya silinda?

Hapana. Yusuf Dikeç, aliyepata fedha Paris mwaka 2024 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, alipiga bastola ya upepo, mita 10. Duara la alama kumi pale lina upana wa milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Picha yake ilizunguka kwenye simu zetu kama ya mzee aliyepita tu akaokota bastola. Alikuwa na miaka 51 na mazoezi ya miaka mingi. Mkono mfukoni unasaidia mwili usiyumbe. Na itazameni picha vizuri, masikioni ana vizibo.

Nikivuta isilie nifanye nini?

Usiitazame mdomoni! Ishike vile vile, mtutu mbele, uhesabu sekunde 30, maana fataki huweza kuchelewa. Usivute tena upesi, kwa sababu silinda itazunguka na risasi iliyochelewa italipukia mahali pasipo na mtutu. Baada ya hapo fungua na umwite msimamizi. Hatari zaidi ni mlio mdogo usio wa kawaida, kama puu. Hiyo huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake chuma kinapasuka. Simama, fungua, usiendelee siku hiyo mpaka fundi aangalie.

Hapa Unguja na Pemba nitapiga wapi?

Mimi tangu nirudi sijapiga hata risasi moja, na sina bastola. Nchi yetu ina sheria zake. Silaha bila leseni ni kosa la jinai, na mlango wa leseni ni polisi. Usinunue kitu kwa mtu wa kichochoroni kwa sababu umesoma habari za raha yangu. Hata bunduki ya upepo, uliza kwanza polisi.

Wanaosafiri wajue jambo jingine. Mimi nilikuwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Aliyekwenda Marekani kwa viza ya matembezi, sheria yao ya shirikisho inamzuia kushika silaha, ila kwa misamaha michache kama kuwa na leseni ya uwindaji. Akikualika binamu yako uwanjani, uliza kwanza, usije ukaharibu viza yako kwa karatasi.

Upinde nao ni kulenga. Shehzana Anwar wa Kenya aliibeba bendera ya nchi yake Rio mwaka 2016 akiwa mlenga upinde. Kijino hakuna, lakini pumzi na subira ni zile zile, na ningependa sana kuona vijana wetu wa skuli wakipewa nafasi hiyo.

Bastola za fataki za watoto siku ya sikukuu, unazikataza?

Sizikatazi nyumbani kwangu. Mwanangu alinunua yake Mnazi Mmoja Idi iliyopita. Nilimwambia neno moja: haielekezwi usoni mwa mtu. Aliielekeza kwa dada yake kabla hatujafika nyumbani, nikaichukua mpaka Idi ya pili. Alilia sana. Alipoipata tena niliona kidole chake kimenyooka ubavuni.

Kama hakuna bastola, nitaanza na nini?

Na chupa ya maji ya lita moja, iliyojaa. Uzito wake ni kilo moja, karibu sawa na bastola ya chuma ya mtutu wa inchi nne. Simama, miguu iachane kwa upana wa mabega, nyoosha mikono miwili, ishike chupa usawa wa jicho. Tia alama ya kalamu kwenye kizibo, uitazame alama hiyo wala si ukuta ulio nyuma yake. Vuta pumzi, itoe nusu, tulia hapo sekunde sita. Teremsha. Rudia mara kumi. Ikishakuwa nyepesi, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya kizibo, na kidole cha shahada kikunje taratibu kana kwamba kuna kifyatulio, sarafu isidondoke.

Mimi hufanya hivyo kila siku baada ya Alasiri, uani. Anayetaka tufanye pamoja aje na chupa yake. Sarafu ninazo.